Geto, lifti na P2

Jumapili jioni, vijijini Karatu, wanafunzi wa shule za kata hurudi geto. Nyumbani ni mbali, bweni hakuna, basi mzazi anapanga chumba karibu na shule: godoro chini, ndoo, jiko la mkaa, mfuko wa unga. Binti wa kidato cha pili anaishi humo bila mtu mzima. Unga ukiisha Alhamisi, mwenye bodaboda anajua kabla ya mama. Yeye ana lifti, ana chipsi.

Binti huyu ameambiwa nini? "Jihadhari na wanaume." Ajihadhari vipi, haambiwi. Hajui kwamba mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5, hivyo kuhesabu siku ni kubahatisha, hasa kwa msichana ambaye hedhi yake haijatulia. Kwamba P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na mapema ndiyo salama yake. Kwamba sindano na vijiti huzuia mimba lakini havizuii Ukimwi, wakati kondomu huzuia vyote viwili ikitumiwa sawasawa kila mara. Haya anayasikia kwa mwenzake wa chumbani, nusu kweli nusu uzushi.

Zamani Wairaqw walimtenga msichana aliyebeba mimba kabla ya ndoa, wakihofia mkosi kwa nyumba nzima. Serikali nayo ilikuwa na kutenga kwake: 2017 Rais Magufuli alisema mwenye mimba harudi shule, hadi Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alipofungua mlango. Nauunga mkono uamuzi huo. Lakini unamhusu binti aliyekwisha kujifungua, si huyu wa geto.

Kitaifa, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. 2015/16 walikuwa 27. Tumeshuka, taratibu mno. Sheria ya 2016 inamtishia anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, na huenda ukali huo ndio unaozifanya familia zimalizane kimyakimya.

Huko Ngorongoro, kwa familia za wafugaji zilizo mbali na kituo cha afya, kufuata ushauri wa kuzuia mimba ni safari ya siku nzima. Karatu zahanati ipo jirani, na kondomu hutolewa bure. Ila muuguzi wa dirishani anasali kanisa moja na mama yake binti. Wapeni mabinti muuguzi mgeni, saa za baada ya shule, asiyeuliza "wewe ni mtoto wa nani?"