Biashara ya habari Kilwa na Lindi: sheria ilifungua, barabara ikachelewa

Muuza magazeti mmoja wa Kilwa Masoko anasema gazeti la leo humfikia likiwa limekwisha kusomwa. Basi la Dar es Salaam linaposhusha mzigo Nangurukuru, wateja wake wamekwisha kusikia vichwa vyote vya habari kwenye redio ya asubuhi.

Ofisa mmoja wa sekta ya habari anasisitiza kuwa biashara ya habari imekua bila kusimama tangu sheria ya utangazaji ya 1993. Kukua imekua. Kabla yake, redio Tanzania Bara ilikuwa ya serikali peke yake, na televisheni ilianza 1994, miaka ipatayo ishirini baada ya Zanzibar. Lakini alipoulizwa nakala ngapi hufika Kilwa kwa siku, alijibu kwa kutaja wingi wa leseni zilizotolewa nchini. Leseni haimfikishii msomaji gazeti.

Huku pwani, faida iliamuliwa na mawe ya redio, mafuta ya jenereta na barabara. Hadi daraja la Rufiji lilipofunguliwa 2003, magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yaliweza kuikata Kusini kabisa. Waliovuna miaka ya tisini ni wauza betri na kaseti, pamoja na wenye mabanda ya video: deki moja, televisheni moja, kiingilio mlangoni.

Kilio kikubwa cha muuza magazeti ni marejesho. Analipa kwanza; nakala zisizouzika huzirudisha kwa nauli yake, na zikichelewa wakala hazipokei. Sasa anachukua chache, nyingi za michezo. Zinazobaki huwauzia kwa kilo wakaanga samaki na wauza vitumbua, na anasema fedha hiyo ndiyo asiyoikosa.

Lami imefupisha safari, na huenda redio za jamii zikapata nafasi. Tatizo ni matangazo ya biashara. Korosho na ufuta, mazao yenye fedha mkoani Lindi, huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani. Mnunuzi hana haja ya kumbembeleza mkulima hewani. Bila mteja wa kudumu wa matangazo, redio ya hapa itategemea wafadhili, na mfadhili ana muda wake. Simu nayo inaendelea kumega wasomaji. Ofisa anatabiri neema. Muuza magazeti anafikiria kuongeza vocha na soda mezani. Kwa sasa, hesabu za muuza magazeti ndizo zinazoaminika zaidi.