Ithibati ya chuo: Cheti kisije kikakwama mpakani

NCHELENGE, Zambia – Mfanyabiashara wa samaki katika ufuko wa Ziwa Mweru halipi kabla ya kufungua gunia na kuona kilichomo. Lakini inapofika ada ya chuo, wapo wanaolipa kwa kuamini tangazo la kwenye simu.

Fedha hizo hupatikana kwa jasho. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na vyuo vingi hupokea wanafunzi wapya mwezi Januari. Kwa familia nyingi za Nchelenge na Kashikishi, ada ya wakati huo inatoka kwenye akiba.

Usajili si ithibati

Usajili ni ruhusa ya chuo kufungua milango. Ithibati ni uthibitisho wa chombo cha kisheria kwamba walimu, mtaala, vifaa na mitihani vimekaguliwa na kufikia kiwango.

Nchini Zambia kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Elimu ya Juu (HEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. HEA husajili vyuo vikuu binafsi, na pia hutoa ithibati kwa kila programu peke yake. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ndani yake ikiwa haina ithibati. Vyuo vya ufundi viko chini ya TEVETA. Anayesomea uuguzi au udaktari anahitaji pia chuo chake kikubaliwe na baraza la taaluma yake, la sivyo hatapata leseni ya kazi.

Mpakani

Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na hapo hesabu hubadilika. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, lisansi ilichukua miaka mitano: mitatu ya graduat na miwili ya juu yake. Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka mitatu. Jina ni moja, uzito ni tofauti.

Zambia na Kongo zote ni wanachama wa SADC, ambayo ina Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1997. Hata hivyo, itifaki hiyo haifanyi cheti kikubalike chenyewe. Cheti cha nje kinachotumika Zambia hupimwa na Mamlaka ya Sifa za Elimu (ZAQA), na swali la kwanza ni kama chuo kilichokitoa kinatambuliwa kwao.

Shahada za intaneti

Kusoma kwa intaneti si kosa. Vyuo vikuu vingi vinavyoheshimika hufundisha hivyo. Hatari ni ithibati ya bandia. Mwaka 2005 maofisa wa Marekani walivamia mtandao ulioendeshwa kutoka Spokane, jimbo la Washington, uliouza shahada za "Saint Regis University" kwa maelfu ya watu duniani. Wauzaji walidai kutambuliwa na Liberia, na maofisa wa nchi hiyo walikuwa wamehongwa. Wakuu wa mtandao huo walifungwa mwaka 2008. Wanunuzi walibaki na karatasi.

Kabla ya kulipa

Kwanza, uliza jina la chombo kilichotoa ithibati, kisha kiulize chombo chenyewe, si chuo. Tanzania ni TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi. Kenya ni CUE. Uganda ni NCHE.

Pili, taja kozi yenyewe na tarehe ithibati yake inapokwisha. Tatu, kama unakusudia kufanya kazi nchi nyingine, uliza mamlaka ya huko kabla ya kuanza masomo.

Nne, jihadhari na chuo kinachotoa shahada kwa wiki chache au kwa "uzoefu wa maisha" pekee.

Kuuliza huchukua siku chache. Cheti kikikataliwa, ada hairudi, na miaka ya masomo hairudi pia.