Soka la Amerika ya Kati (2): Saprissa, Zimwi la Zambarau

Wiki iliyopita tuliishia kwenye Bonde la Kati la Kosta Rika, ambamo miji minne ya San José, Alajuela, Heredia na Cartago imekaribiana kiasi kwamba shabiki huenda kutazama mechi ya ugenini na kurudi kulala kwake. Klabu kongwe za nchi zilizaliwa humo: Cartaginés mwaka 1906, Alajuelense 1919, Herediano 1921. Leo tunaitazama iliyochelewa kuja, ikakuta wenzake wameshagawana mashabiki na vikombe, kisha ikawapita wote.

Deportivo Saprissa ilianzishwa tarehe 16 Julai 1935 jijini San José. Mwanzilishi wake, Roberto Fernández, ambaye wengi walimwita Beto, aliwakusanya watoto wa mtaani waliokuwa na kiu ya kucheza lakini hawana jezi. Wakaenda kuziomba kwa bwana mmoja mwenye uwezo, Ricardo Saprissa Aymá. Akawapa. Nao kwa shukrani wakaipa timu yao jina lake. Klabu nyingi za ukanda ule hujiita kwa majina ya miji au ya maeneo, lakini hii ilichukua jina la mtu aliyekuwa hai, tena wa miaka thelathini na kitu tu, ambaye hakuwa ameianzisha wala kuimiliki. Swali la nani hasa mwenye Saprissa limeifuata klabu hiyo tangu siku hiyo, na ndilo litakalotuongoza katika sehemu hii.

Huyo Ricardo mwenyewe hakuwa mzaliwa wa Kosta Rika. Alizaliwa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, mwaka 1901, katika familia yenye asili ya Hispania. Ujana wake aliupitisha Barcelona, akicheza beki katika klabu ya Espanyol, pamoja na kipa Ricardo Zamora, ambaye sifa zake Wahispania wanazisimulia hadi leo. Mwaka 1924 aliiwakilisha Hispania kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, lakini kwa tenisi. Alipohamia Kosta Rika miaka ya 1930 alijiingiza katika biashara ya nguo, na hapo unaelewa kwa nini wale watoto walibisha hodi kwake na si kwa mwingine. Mchezaji wa Ulaya aliye na kiwanda cha nguo! Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili.

Kuhusu rangi ya zambarau, masimulizi yanayokubalika na wengi ni kwamba jezi za mwanzo zilikuwa na nyekundu na buluu, na zambarau ikatokana na kuchanganya hizo mbili. Namna zilivyochanganyika ina matoleo mengi, kila mzee na lake, na sioni sababu ya kumchagua mmoja.

Klabu ilipanda madaraja hadi kufika ligi kuu mwaka 1949, na mwaka huo una uzito wake. Mwaka uliotangulia nchi ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya siku 44. Mshindi wake, José Figueres, tarehe 1 Desemba 1948 alilifuta jeshi. Mwaka 1949 ikaandikwa katiba mpya, ambayo ndiyo inayotumika mpaka sasa. Saprissa ikaingia ligi kuu katika nchi iliyokuwa inajipanga upya, yenye watu takriban 800,000 kwa sensa ya 1950. Ubingwa wa kwanza ilitwaa 1952, ikaurudia 1953. Miaka mitatu tangu kupanda daraja, na tayari wakongwe walikuwa wanamtazama mgeni huyu kwa jicho la pembeni.

Kisha mwaka 1959 Saprissa ikafanya jambo ambalo hakuna timu ya Amerika ya Kilatini iliyokuwa imelifanya: ikaizunguka dunia nzima ikicheza mpira. Si ziara ya nchi mbili tatu za jirani. Timu iliondoka San José ikielekea upande mmoja na kurejea kwa upande mwingine, ikipanda ndege za enzi zile na kucheza na yeyote aliyekubali.

Msomaji wa leo anaweza kuiona ziara hiyo kama majivuno. Mimi naiona kama hesabu nzuri. CONCACAF, yaani shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani, lilikuwa bado halijaundwa. Liliundwa 1961, na Kombe lake la Mabingwa likaanza 1962. Klabu ya Kosta Rika iliyotaka kujua ubora wake haikuwa na mashindano ya bara ya kujipima. Ilibaki kupima kwa wapinzani walewale wa bonde lilelile, au kufunga safari. Saprissa ilifunga safari. Iliporudi ilikuwa na kitu ambacho watani wake hawakuwa nacho: simulizi. Katika nchi ndogo, timu iliyoiona dunia inapata mashabiki hata katika vijiji ambavyo haijawahi kukanyaga. Nadhani hapo ndipo ilipogeuka kutoka timu ya mtaa wa San José na kuwa timu ya taifa zima, ingawa wapo watakaosema ni vikombe vya miaka ya sabini vilivyofanya kazi hiyo.

Vikombe hivyo navyo havikuwa vya kubahatisha. Tarehe 27 Agosti 1972 klabu ilifungua uwanja wake yenyewe huko San Juan de Tibás, kaskazini mwa jiji, kwa sare ya 1-1 na Comunicaciones ya Guatemala. Uwanja ukapewa jina kamili la Ricardo Saprissa Aymá, ambaye safari hii alikuwa ametoa zaidi ya jezi: alikuwa amekaa miaka mingi akilisukuma wazo la klabu kuwa na nyumba yake. Kuanzia mwaka huohuo Saprissa ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo, 1972 hadi 1977, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho kocha alikuwa Marvin Rodríguez. Hakuna klabu nyingine ya nchi hiyo iliyowahi kufululiza hivyo.

Majukwaa ya Tibás yako karibu sana na mstari wa uwanja. Huchukua takriban watu 23,000, idadi isiyotisha kwa viwanja vya dunia, lakini mchezaji anayerusha mpira anasikia kila neno analoambiwa kuhusu mama yake. Katika miaka ya 1980 ndipo timu ilipozoea kuitwa Zimwi la Zambarau, na uwanja ukawa Pango la Zimwi. Timu ya taifa ya Kosta Rika nayo iliutumia uwanja huo kwa mechi zake za kufuzu Kombe la Dunia, hadi ulipofunguliwa Uwanja mpya wa Taifa uliojengwa kwa fedha za Uchina mwaka 2011. Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, haikuwahi kushinda mechi ya kufuzu ndani ya pango hilo. Mwaka 2005 ilichapwa 3-0. Mwaka 2009 ilichapwa 3-1, na bao la kwanza, la Álvaro Saborío, liliingia kabla hata wageni hawajapata joto.

Mwaka 1990 ulikuwa wa furaha na msiba. Juni, Kosta Rika ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Italia, ikazifunga Uskoti na Sweden na kuvuka hatua ya makundi. Bao pekee dhidi ya Uskoti lilifungwa na Juan Cayasso, na lile la ushindi dhidi ya Sweden na Hernán Medford, wote vijana wa Saprissa. Miezi miwili baadaye don Ricardo akafariki. Tangu hapo jina la klabu likawa jina la marehemu, na hapakuwa tena na mzee wa kuulizwa pale wakubwa wa klabu walipogombana.

Ndani ya uwanja mambo yaliendelea vizuri. Kombe la Mabingwa la CONCACAF lilikuja 1993 na tena 1995. Nje ya uwanja klabu ilikuwa inasota kifedha. Mpira ulikuwa umepanda bei kila mahali, na viingilio vya mlangoni havikutosha tena. Mwaka 2003 akaja mnunuzi kutoka Mexico, Jorge Vergara, tajiri wa kampuni ya virutubisho vya lishe na mmiliki wa klabu ya Guadalajara, ile inayoitwa Chivas. Akaishika Saprissa.

Manung'uniko yalikuwa makubwa na yalieleweka. Watu waliona timu waliyorithi kwa babu zao ikigeuzwa tawi la biashara ya mtu wa nje, tena wa Mexico, nchi ambayo timu zake huwatazama Waamerika ya Kati kutoka juu. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hofu ya Tibás ilikuwa kwamba huyu aliyelinunua zimwi lao halijui wala halijamjua. Mwaka wake wa kwanza akatandika nyasi bandia uwanjani, na wapinzani wakapata la kulalamikia kwa miaka mingi: mpira unadunda ovyo, magoti yanachubuka. Mwaka 2004 Saprissa ikatinga fainali ya Kombe la Mabingwa la CONCACAF na kukutana na Alajuelense, watani wake wa jadi. Mechi ya kwanza ilikuwa sare ya 1-1. Marudiano yakawa 4-0 kwa Alajuelense. Unaweza kukisia maneno aliyoambiwa mwenye mali wiki ile.

Mwaka mmoja baadaye timu hiyohiyo, chini ya kocha Medford, yule mfungaji wa 1990, ilirudi fainali. Mpinzani alikuwa Pumas ya Mexico. Saprissa ilishinda 2-0 nyumbani, ikafungwa 2-1 ugenini, na kombe likaenda Tibás kwa jumla ya mabao 3-2. Tuzo yake ilikuwa tiketi ya kwenda Japani, Desemba 2005, kwenye Kombe la Dunia la Klabu.

Mashindano hayo wapenzi wa soka wa Afrika waliyafuatilia kwa sababu nyingine, yaani Al Ahly ya Misri, iliyokwenda ikiwa haijafungwa kwa muda mrefu na kuondolewa mechi ya kwanza na Al-Ittihad ya Saudi Arabia kwa bao 1-0. Siku iliyofuata, mjini Toyota, Saprissa ilicheza na Sydney FC ya Australia, timu ya Dwight Yorke, ambayo ilikuwa imemwazima pia Mjapani Kazuyoshi Miura. Macho ya watu yalikuwa kwa hao wawili. Bao lililoamua mechi lilifungwa na kiungo Christian Bolaños, mwanzoni mwa kipindi cha pili.

Nusu fainali ilikuwa na Liverpool, mabingwa wa Ulaya. Peter Crouch alifunga dakika ya tatu, na mechi ikaisha 3-0. Hapa hakuna la kusimulia kwa urefu: Waingereza walikuwa bora.

Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ndiyo inayosimuliwa San José. Saborío aliifungia Saprissa mapema, lakini Al-Ittihad ikasawazisha kwa bao la Mohamed Kallon wa Sierra Leone, kisha ikatangulia kwa penalti ya Mkameruni Joseph-Désiré Job. Hadi dakika ya 85 Wasaudi walikuwa mbele. Saborío akasawazisha kwa mkwaju wa penalti. Dakika ya 89 Ronald Gómez, mkongwe mwenye mguu mzito, akapiga mpira wa adhabu ukatinga wavuni: 3-2. Bolaños alipewa Mpira wa Shaba wa mashindano, nyuma ya kipa Rogério Ceni wa São Paulo na Steven Gerrard wa Liverpool.

Je, Vergara ndiye aliyeleta hayo? Kwa sehemu. Fedha zake ziliiwezesha klabu kubaki na wachezaji wake muda wa kutosha kushinda kombe la bara. Lakini Walter Centeno, Bolaños, Saborío na wenzao walikuwa zao la Kosta Rika na la malezi ya huko, na hayo hayakununuliwa na mtu 2003. Waliomwogopa hawakuwa wajinga pia, kwa maana klabu inayomilikiwa na mtu mmoja hutegemea hali ya mtu huyo. Vijana walianza kuondoka, Saborío kwenda Uswisi, Bolaños Denmark, na mwaka 2010 kipa Keylor Navas akaelekea Albacete ya Hispania, bila watu wengi kujua kwamba miaka michache baadaye angekuwa anadaka Real Madrid. Mwaka 2011 Vergara aliiuza klabu kwa kundi la wawekezaji wazawa, Horizonte Morado, lililoongozwa na Juan Carlos Rojas. Saprissa ikarudi mikononi mwa Wakosta Rika, lakini kama kampuni yenye wanahisa. Mashabiki wanaipenda, wanaiimbia, wanalipa kiingilio. Hawaimiliki.

Kikombe cha bara cha karibuni, Ligi ya CONCACAF ya 2019, kilipatikana kwa bao moja tu katika mechi mbili za fainali dhidi ya Motagua ya Honduras. Na Mei 2024 Saprissa ilitwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya 40, ukiwa wa nne mfululizo. Takwimu hiyo huchapishwa kwenye fulana, lakini msomaji makini aitazame vizuri. Tangu 2007 Kosta Rika hutoa mabingwa wawili kwa msimu, mmoja wa kila nusu, kwa hiyo vikombe hivyo vinne mfululizo vilikusanywa kwa miaka miwili, wakati sita vya 1972 hadi 1977 vilichukua miaka sita kamili. Kwa mizani yangu kile kikosi cha Marvin Rodríguez bado hakijafikiwa. Mashabiki vijana wa Tibás hawatakubaliana nami, na Alajuelense wana hesabu yao tofauti kabisa, inayoanzia kwenye zile 4-0. Wao ndio wa wiki ijayo.