Amri Zisizorudisha Safu: Namna ya Kuzifundisha

Tunapomtuma mtoto dukani, twamtarajia arudi na kitu mkononi. Lakini tukimtuma akafunge dirisha, hurudi mikono mitupu, wala hatumlaumu. Tutakalo kujua ni kama dirisha limefungwa. Ndivyo zilivyo baadhi ya amri tuzipelekazo kwenye hifadhidata kwa lugha ya programu kama Python.

Amri ya SELECT huuliza, nayo hujibiwa kwa safu za jedwali. Amri za INSERT, UPDATE na DELETE huongeza, hubadili na hufuta. Kwa kawaida hazirudishi safu hata moja. Mwanafunzi ajaribuye kusoma jibu la UPDATE kwa fetchone() hupata None, akadhani amri yake imeshindwa. Haikushindwa, ila yeye ameuliza swali lisilofaa. Swali lifaalo ni hili: safu ngapi zimeguswa?

Tuchukue jedwali la alama za wanafunzi 45, lililohifadhiwa katika SQLite. Twataka kusahihisha alama ya mwanafunzi namba 27:

tokeo = kiungo.execute("UPDATE wanafunzi SET alama = 64 WHERE namba = 27")
print(tokeo.rowcount)

Tukiona 1, mambo ni sawa. Tukiona 0, namba hiyo haimo. Kompyuta haitalalamika, kwani kukosa safu si kosa kwake. Tukiona 45, tumesahau sharti la WHERE, na darasa zima limepewa alama 64. Hapo tuamuru kiungo.rollback(), na alama zitarudi kama zilivyokuwa. Lakini tukishaamuru kiungo.commit(), rollback() haifai kitu tena. Pasipo nakala, jasho la watoto limepotea. Vilevile, tukifunga kiungo bila commit(), hata sahihisho letu jema halitahifadhiwa. Basi utaratibu ni huu: tuamuru, tuhesabu, ndipo tuthibitishe.

Darasani, tusianze na kompyuta. Tuchore jedwali dogo ubaoni, tumteue mtoto mmoja awe karani. Akiambiwa "Soma", asome safu zilizotakiwa; akiambiwa "Badili", abadili kwa chaki, kisha ataje idadi tu. Halafu tumpe kwa makusudi amri isiyo na sharti. Wenzake watakapoona alama zao zikifutwa, watapiga kelele wenyewe. Kelele hizo ndizo somo. Tuzipokee, kisha tuwaulize ni neno gani lililokosekana.