MASHINE YA MICHEZO NYUMBANI: WAYA GANI UTUMIE?

Likizo ya Desemba iliyopita mimi na binamu yangu tulishikwa na wazimu wa kutengeneza meza ya michezo ya vidio, mfano wa zile za zamani za kutia sarafu, zenye joistiki na vitufe vikubwa vya rangi. Mbao tulipewa na seremala, vitufe tukanunua. Taabu ikatokea mahali ambapo hatukuitarajia: tuviunganishe vipi na kompyuta? Na kompyuta yenyewe ni ya mama, ya kuchapia kazi za watu. Ikifa, basi karo nayo imekwenda!

Kwanza elewa jambo moja. Kitufe cha mashine hizi hakina ujanja wowote. Ndani yake mna swichi ndogo tu, sawa na ya taa. Ukibonyeza stima inapita, ukiachilia inakatika. Joistiki nayo ni swichi nne: juu, chini, kushoto, kulia. Lakini kompyuta haiwezi kusoma swichi tupu. Lazima pawe na mkalimani katikati, yaani kibao cha saketi.

Sisi tulianza na mkalimani wa bure. Tulifungua kibodi kuukuu, tukatoa kibao chake na kulehemu waya zetu hapo. Ikafanya kazi! Furaha yetu ilidumu hadi tulipocheza wawili. Ninaruka, yeye anapiga, mara mtu wangu anasimama tu kama mlingoti. Nikadhani binamu ananifanyia hila, tukagombana karibu kupigana. Kumbe kosa si lake. Ili kupunguza waya, kibodi hupanga vitufe kwa safu na mistari kama karatasi ya grafu. Ukibonyeza vitatu vilivyo kwenye pembe za mraba mmoja, stima huzunguka njia ya nyuma na kompyuta huona cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Kibodi nyingi, kwa kuogopa mzimu huyo, huamua kukinyamazia kitufe cha tatu. Kwa kuandika insha hutajua, lakini kwa kucheza utajua sana.

Dawa yake ni kibao kilichotengenezwa kwa kazi hii. Kila swichi ina mahali pake, na zote hushirikiana waya mmoja tu wa kurudishia. Mzimu kwisha. Sasa ndipo unapoulizwa: PS/2 au USB?

PS/2 ni ule mdomo wa mviringo wenye pini 6, ulioletwa na IBM mwaka wa 1987. Uzuri wake ni kwamba kibao hakingoji kuulizwa. Kitufe kikibonyezwa, hupiga kelele papo hapo. Wala hauna kikomo cha vitufe. Lakini ole wako ukichomeka au kuchomoa kompyuta ikiwa imewashwa! Unaweza kuunguza fyuzi iliyo ndani kabisa ya kompyuta. Isitoshe, kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo.

USB, iliyotokea mwaka wa 1996, hufuata adabu nyingine. Kompyuta ndiyo huuliza, "Kuna jambo?" Vifaa vya kawaida huulizwa kila baada ya milisekunde 8 hivi, vilivyo bora kila milisekunde 1. Je, ni kuchelewa? Picha ya mchezo kwa kawaida hubadilika mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 na kitu. Kwa hiyo hata 8 ni kama nusu ya picha, na 1 hutaihisi kamwe. Jambo la kuchunga ni hili: kibodi ya USB ya kawaida hutaja vitufe 6 tu kwa wakati mmoja, mbali na vile 8 vya pekee kama Ctrl, Shift na Alt. Vibao vizuri huvuka mpaka huo, basi muulize muuzaji kabla ya kulipa. (Programu ya MAME, iliyotoka mwaka wa 1997, humpa mchezaji wa kwanza Ctrl na Alt za kushoto, na hizo hazihesabiwi katika zile 6.)

Bluetooth je? Betri za kuchaji, na kuchelewa kusikotabirika. Tena kompyuta imo ndani ya meza ile ile, sasa kuukimbia waya wa shubiri moja ni kwa nini?

Kuna pia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo swichi huweza kuunganishwa na pini zake moja kwa moja. Ila pini hizo zinavumilia volti 3.3 tu, ukizitia 5, kwaheri.

Sisi tulichagua USB, na si kwa sababu ya hizo milisekunde. Mama huhitaji kompyuta yake kila jioni. Kwa PS/2 tungelazimika kuizima kila mara, na siku moja mmoja wetu angesahau. Sasa akiingia mlangoni tunachomoa waya mmoja tu, naye anaketi kuchapa.