Mbwa na Paka Hawatibiwi kwa Dawa ya Ng'ombe

Tuseme, ndugu msomaji, kuwa ni saa tano za usiku nyumbani kwako Makorora au Chumbageni. Mbwa aliyezoea kumbwekea kila mpita njia leo yuko kimya. Chakula alichowekewa jioni hakukigusa. Ukimfunua mdomo unaona fizi zake zimepauka, nyeupe kama karatasi. Watoto hawataki kwenda kulala. Jirani wa kwanza anashauri apewe nusu kidonge cha kutuliza homa. Jirani wa pili, ambaye anafuga ng'ombe wawili wa maziwa uani kwake, anaingia stoo na kurudi na kichupa cha dawa iliyobaki siku alipotibiwa ndama wake.

Majirani wote wawili wana nia njema, na wote wawili wanaweza kumwua mbwa huyo kabla ya mapambazuko.

Mji wa Tanga una jambo ambalo miji mingi ya pwani haina, nalo ni elimu ya mifugo. Kwa miaka mingi hapa ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa mbung'o na ndorobo, ambayo siku hizi iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Mbung'o walizalishwa hapa Tanga, madume wakafanywa tasa kwa miale, kisha wakapakiwa ndani ya ndege na kuachiwa juu ya misitu ya Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni 8, na kisiwa cha Unguja kikasafishika na mdudu huyo. Kipo pia Chuo cha Mifugo cha Buhuri kinachofundisha maofisa mifugo, na kipo chama kikuu cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kilichoanzishwa mwaka 1993. Kwa hiyo si kweli kwamba Tanga hakuna wajuzi.

Lakini yafaa ieleweke kuwa elimu hiyo ilijengwa kwa ajili ya ng'ombe. Hilo si kosa la mtu. Ng'ombe huleta maziwa, na maziwa hulipa ada ya shule. Bwana mifugo (ambaye siku hizi huenda akawa bibi) hushinda juu ya pikipiki kutoka zizi hadi zizi, Pongwe hadi Muheza, na mfuko wake umejaa vifaa vya mnyama wa kilo 300. Mbwa na paka wamekuja nyuma. Mtu akitaka madaktari wa fani mbalimbali mahali pamoja, wenye chumba cha upasuaji na wanafunzi wa kukesha na mgonjwa, huelekezwa Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Masomo ya udaktari wa wanyama yalianza huko Morogoro mwaka 1976, na kabla ya hapo vijana wetu walikuwa wakienda Nairobi au ng'ambo. Kutoka Tanga, kwa njia ya Segera na Chalinze, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 300. Mgonjwa wa dharura hana muda huo.

Saa za mwanzo, basi, ni zako wewe mwenye mnyama.

Sumu iliyo kabatini

Tuanze na kidonge cha jirani wa kwanza. Parasetamoli ambayo mama humpa mtoto mwenye homa ni sumu kali kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu livunjavyo. Inapobaki mwilini huziharibu chembe nyekundu za damu, nazo hushindwa kubeba hewa. Fizi hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso na miguu huvimba, na paka huhema kwa taabu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua paka mzima. Mbwa huistahimili zaidi, ila si kwa kukisia. Na dawa nyingine za maumivu tunazozimeza bila kufikiri, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, humtoboa mbwa tumbo na kuzilemea figo zake.

Kichupa cha jirani wa pili kina hesabu mbaya zaidi. Dawa ya diminazini, inayotumika sana dhidi ya ndorobo wa ng'ombe, huuzwa katika kipakiti kidogo cha unga unaochanganywa na maji. Kipakiti kimoja cha kawaida hutosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wetu wa mjini aghalabu ana kilo 15, yaani sehemu moja kwa ishirini ya ng'ombe huyo. Nani atakayepima sehemu moja kwa ishirini usiku, kwa mwanga wa tochi, akitumia bomba la sindano la ndama? Dawa ikizidi hushika ubongo: mbwa hupepesuka, hutetemeka, shingo hukakamaa, kisha hufa. Wenyewe husema ugonjwa ulikuwa umemzidi.

Dawa ya josho ni balaa jingine. Wapo wanaochota maji ya kuogeshea ng'ombe na kumwogesha mbwa ili kupe wadondoke, kisha yanayobaki wakampaka paka. Dawa nyingi za kunyunyizia ng'ombe ni za jamii ya pairethroidi, na paka hana kinga nazo kabisa. Baada ya saa chache huanza kutetemeka masikio, halafu mwili mzima. Ukiona hivyo mwoshe mara moja kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike, kisha umtafute daktari.

Darubini

Turudi kwa mbwa mwenye fizi nyeupe. Katika pwani yetu yapo magonjwa matatu, angalau, yanayoweza kumfikisha hapo, na siku ya kwanza yote hufanana: homa, kukataa chakula, kulala tu.

Mawili huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye hana haja ya majani wala zizi. Huyu hukaa katika nyufa za ukuta na mbao za banda, hata kwenye nyumba ya sakafu ya saruji. Ugonjwa mmoja hupasua chembe nyekundu za damu, na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi. Mwingine hushika chembe nyeupe, na pengine mbwa hutokwa na damu puani bila kupigwa. Wa tatu ni ndorobo yenyewe, ambayo mbwa huipata akifuatana na bwana wake porini au shambani, kwa mfano huko Pangani na kandokando ya Saadani, ambako mbung'o wangalipo. Dalili moja yake haisahauliki: jicho huingia ukungu wa samawati, kana kwamba limetiwa maziwa. Mbwa na ndorobo wana historia ndefu. Daktari Mwingereza David Bruce alipokuwa akiutafiti ugonjwa huo katika nchi ya Wazulu, miaka ya 1890, aliwapeleka mbwa pamoja na ng'ombe katika bonde la mbung'o, kisha akakiona kijidudu katika damu yao.

Dawa za magonjwa hayo si moja. Ule wa chembe nyeupe hutibiwa kwa dawa ya jamii ya tetrasaiklini kwa wiki kadhaa, na diminazini haiusaidii. Na hata ndorobo ikitibiwa kwa diminazini huweza kurudi, kwa kuwa vijidudu hujificha katika ubongo ambako dawa haifiki vizuri. Ndiyo sababu kitu cha kwanza kumwomba mtaalamu ni kutazama tone la damu kwa darubini, kabla ya sindano yoyote. Tone hilo hutolewa ukingoni mwa sikio, hupakwa juu ya kioo, na jibu huweza kupatikana siku hiyo hiyo. Katika mji ulioishi kwa kupambana na mbung'o, kuomba darubini si kujitakia makuu. Muulize bwana mifugo wa kata yako sampuli hupelekwa wapi, na umuulize leo, mnyama akiwa mzima.

Kitu cha pili ni maji ya dripu. Chukua ugonjwa wa parvo, ulioenea duniani mwaka 1978 na tangu hapo haujaacha kuwateketeza watoto wa mbwa. Mtoto hutapika, kisha huharisha damu yenye harufu kali isiyofanana na nyingine. Hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Anayepona huponywa na maji yanayoingia mshipani, dawa za kuzuia kutapika na za kuzuia vijidudu vingine, na uangalizi wa siku kadhaa. Hakuna mashine hapo. Kinachotakiwa ni mtu wa kutoka kitandani mapema, kwa maana mtoto wa mbwa aliyeharisha damu tangu juzi mara nyingi mshipa wake hauonekani tena. Chanjo yake huanza akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8 na hurudiwa hadi wiki ya 16. Anayechanja mara moja tu hajamaliza kazi.

Yasiyongoja asubuhi

Paka dume anayechuchumaa tena na tena bila kutoa kitu, akilia na kujilamba, hana choo kigumu kama wengi wanavyodhani. Mrija wake wa mkojo umeziba. Kumpa mafuta ya nazi au ya nyonyo ni kupoteza muda, maana sumu ya mkojo hurudi katika damu, na katika siku mbili au tatu moyo husimama. Daktari huuzibua mrija kwa kipira chembamba. Ni jambo dogo likifanywa mapema. Wanyama wengi hufa kwa ugonjwa huu kwa sababu tu hakuna aliyetazama kama mchanga wa paka umelowa.

Mbwa mkubwa wa ulinzi, wa kifua kirefu, akijaribu kutapika pasipo kitu kutoka, na tumbo limejaa kama ngoma, huenda tumbo limejisokota. Hapo zinahesabiwa saa, si siku. Jike anayesukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka ahitaji msaada, na hali kadhalika akitoa uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza. Aliyetemewa mate na swila aoshwe macho kwa maji mengi safi kwa dakika 15. Aliyeumwa na kifutu asichanjwe wembe wala asifungwe kamba, abebwe, asitembezwe. Na wakati wa kaskazi, mbwa aliyefungwa juani bila maji akaanza kuhema kwa sauti na kuyumba, amwagiwe maji ya kawaida, si ya barafu, apepewe, ndipo apelekwe.

Wako watakaocheka: hospitali ya mbwa ya nini, na sisi wenyewe tunapanga foleni? Swali hilo lina haki yake. Ila mwenye mbwa ana wajibu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeuandika. Tena kuna ugonjwa mmoja ambao hauachi nafasi ya kucheka.

Huo ni kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma. Wengine hunyamaza, taya huning'inia, mate hutiririka, na mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa kooni. Naye, kwa huruma, hutia mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mbwa huyo peke yake, uwaondoe watoto, umwite mtaalamu. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, Bombo au kituo kilicho karibu, akaulizie chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Wenzetu wa Pemba, ng'ambo ya mkondo, waliuondoa ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa kwa wingi, ukawarudia mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umetoweka. Wataalamu husema yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako ni mmoja wa hao 70, au wa wale 30.

Yabaki ya safari. Mtafute daktari kabla ya kuhitajika, na usione haya kumuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwani ndivyo inavyotaka Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Andika namba yake ya simu ukutani, na umuulize kama hupokea usiku. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda, basi mfunge mdomo kwa kipande cha kanga, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida. Aliyegongwa na gari mlaze juu ya ubao au gunia lililoshikwa pembe nne. Paka mtie ndani ya kikapu chenye kifuniko, au pakacha mbili zilizofunikana, umfunike na kitambaa ili asione njia. Chukua pakiti ya kile alichomeza, hata kama ni kipande tu, na kama ametapika, chota kidogo ndani ya kopo uende nalo.