Kimya cha Chombo Si Ruhusa ya Kuchimba



Wengi wetu tunaochimba mitaro viwandani Bujumbura na katika mashamba ya Imbo tumekwisha kukiona kile chombo cha mkononi ambacho kapita hupita nacho juu ya ardhi kabla ya kazi. Kikilia, anatia alama ya chokaa. Kisipolia, anasema: "Chimbeni!" Hapo ndipo penye hatari.

Chombo hicho hakioni waya wala bomba. Umeme tunaotumia hugeuka-geuka, mizunguko 50 kila sekunde, na waya unaoupitisha huzungukwa na nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikifika kwenye koili iliyo ndani ya chombo, chombo hulia. Basi kinachosikika ni umeme unaotembea, si waya wenyewe. Umeme ukikatika mtaa mzima, jambo tunalolijua sana hapa mjini, waya uliozikwa hunyamaza. Na hata umeme ukiwapo, kama mashine zimezimwa, waya unaweza kunyamaza huku una nguvu ya kuua.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, kapita alipima uani asubuhi umeme umekatika. Kimya. Tukaambiwa tuchimbe. Mzee mmoja wetu alipofika magotini akakuta mchanga safi katikati ya udongo mweusi, akaweka sululu chini. Alijua kwamba waya mkubwa hulazwa juu ya mchanga. Tukafukua kwa mikono, tukaukuta. Umeme ulirudi kabla ya saa nane mchana.

Ndiyo maana chombo kamili huja na mwenzake, kipeleka ishara. Kwa bomba la chuma, waya wake mmoja hubanwa kwenye bomba penye vali, wa pili kwenye mkuki wa chuma uliochomekwa ardhini, mbali kidogo na bomba. Wakati wa kiangazi mwagieni maji hapo, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi ishara vizuri. Kisha fuateni sauti. Waya wa umeme asiuguse mtu ila fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Bomba la plastiki halipitishi ishara hata kidogo, na siku hizi ndilo linalozikwa zaidi. Kama hapakuzikwa waya wa chuma pamoja nalo, chombo kitapita juu yake kama juu ya jiwe.

Tena, anayepima apite eneo lote kwa mapana, kisha kwa marefu. Chombo kikielekea vibaya juu ya waya, sauti hupotea. Tumeona makapita wanaopita mara moja tu, haraka, na betri imechoka. Wenye chombo cha zamani wanaweza kukisia kina hivi: tieni alama pale koili inaposimama wima na sauti kuzimika, ilazeni nyuzi 45, mwende kando ya mstari mpaka sauti izimike tena. Umbali mliokwenda ndio kina. Lakini nyaya mbili zikiwa karibu, kipimo hicho hudanganya.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba tudai ramani za REGIDESO za maji na umeme, na za simu kutoka ONATEL. Chombo kitumike pamoja na kipeleka ishara. Na mashimo ya kujaribia yachimbwe kwa beleshi, polepole, bila sululu wala mtalimbo. Mkiona mchanga, matofali yaliyopangwa au utepe wa plastiki, simameni.

Wako watakaoambiwa kwamba kusimama ni uvivu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi kwa sababu za haki za kuamini kwamba ipo hatari kubwa ya karibu kwa maisha au afya yake alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Kapita akishikilia, mwiteni mjumbe wa chama hapo hapo shimoni, naye aandike saa, mahali, na kama umeme ulikuwapo wakati wa kupima.